Tazama Kiota Kabla ya Kuwasha Moto

Mdudu mwenye mwiba akionekana kwenye upenu wa nyumba hapa Kalemie, mara nyingi hukumu yake imeshatolewa kabla hajatua. Mtu huchukua kijiti kirefu, hufunga kitambaa kwenye ncha, hukichovya katika petroli na kuwasha. Haulizi kama ni nyuki au nyigu, kama amejenga kwa udongo au kwa nta, kama yuko peke yake au ana wenzake elfu ishirini ndani ya dari. Wote huwekwa kwenye fungu moja la wadudu wanaouma, na wote hupewa moto uleule. Kwa haraka haraka jambo hili lina mantiki, maana mwiba ni mwiba. Lakini ukiwachunguza wadudu wenyewe, mmoja baada ya mwingine, unagundua kwamba woga wetu umepangwa kinyume. Tunamwogopa sana yule mkubwa mweusi mwenye kelele, ambaye ni nadra kabisa kumchoma mtu. Yule mdogo wa kahawia tumemzoea kwa sababu ya asali yake, na kumbe kati ya wote wanaoishi nasi chini ya paa moja, yeye ndiye hasa mwenye uwezo wa kumuua mtu mzima mwenye afya njema.

Kosa linaanzia kwenye namna ya kuwatambua. Wengi wetu tunatazama ukubwa na rangi, na vyote viwili vinadanganya. Mistari ya manjano na nyeusi, inayochukuliwa kuwa alama ya hatari, imevaliwa hata na nzi wasio na mwiba wowote. Huelea hewani mbele ya maua na kunufaika na sifa mbaya ya nyigu. Ukiwatazama vizuri utahesabu mabawa mawili tu, ilhali nyuki na nyigu wana manne. Ila nani atasubiri kuhesabu mabawa ya kitu kinachovuma karibu na sikio? Alama iliyo bora ni nyumba ya mdudu. Kiota hakiruki, na unaweza kukitazama ukiwa umesimama hatua kumi. Tena kinakueleza jambo ambalo umbo la mdudu halielezi: anaishi peke yake au katika jamii? Hapo ndipo penye mzizi wa suala zima. Mwiba ni kifaa cha jike, kwa kuwa asili yake ni kiungo cha kutagia mayai; madume hawana. Jike anayeishi peke yake akifa katika ugomvi, uzao wake unaishia hapo, kwa hiyo mara nyingi huchagua kukimbia. Jike wa jamii kubwa ana dada maelfu watakaoendelea kulea watoto wa malkia, kwa hiyo anaweza kuutoa uhai wake kulinda mlango.

Jamii kubwa kuliko zote ni ya nyuki wa asali, Apis mellifera. Ana urefu unaozidi kidogo sentimita moja, manyoya mafupi, rangi ya kahawia yenye mistari, na mara nyingi miguu yake ya nyuma imebeba vidonge vya chavua. Nyumba yake haionekani, kwa sababu hujenga masega ndani ya uwazi: kati ya mabati na plafoni, ndani ya ukuta wenye ufa, kwenye pipa tupu, kwenye sanduku lililosahauliwa nyuma ya jiko. Kinachoonekana ni tundu moja lenye msongamano, wengine wakiingia na wengine wakitoka tangu asubuhi hadi jua linapozama, na ukitega sikio ukutani unasikia mvumo. Nyumba za zamani, za wakati mji ukiitwa Albertville, zenye dari za mbao na nafasi pana chini ya paa, zinawafaa sana. Mwiba wa nyuki huyu una vimeno vinavyonasa ngozini. Hung'oka pamoja na kifuko cha sumu, na mwenyewe hufa. Anapochoma huachia harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ni wito kwa wenzake kwamba adui yuko hapa. Kumponda nyuki mmoja mbele ya tundu lao ni kuwaita mia.

Hatari ya mdudu huyu ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki wa Kiafrika, kutoka Afrika Kusini na Tabora, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Alitaka nyuki wanaozalisha vizuri katika nchi za joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa asili ya Ulaya waliokuwapo, na uzao wao ukasambaa sehemu kubwa ya bara hilo hadi kuingia Marekani kupitia Texas mwaka 1990. Huko magazeti yaliwaita nyuki wauaji. Sumu ya nyuki wetu haizidi kwa ukali ile ya nyuki wa Ulaya. Kinachowatofautisha ni kwamba wa kwetu hushtuka upesi, hutoka wengi kwa pamoja na humfukuza mtu mamia ya mita. Makadirio ya kitabibu yanayotumika sana husema dozi inayoweza kuua ni kama miiba 19 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60 ni zaidi ya miiba elfu moja. Kwa mtoto wa kilo 20 haifiki 400, na kundi moja la darini lina wachomaji wa kutosha kufikisha idadi hiyo mara nyingi. Mzee au mgonjwa wa moyo anaweza kuzidiwa na michache zaidi.

Baada ya nyuki wa asali, jamii inayofuata ni ndogo mno kwa kulinganisha. Ni wale nyigu wembamba, wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu au weusi, wanaoruka huku wakining'iniza miguu. Wengi ni wa ukoo wa Belonogaster na wengine ni wa Polistes. Kiota chao hakijifichi: ni sega la kijivu lililoning'inizwa kwa kikonyo chembamba chini ya upenu, kwenye fremu ya dirisha au katika tawi la mwembe, vyumba vyake vikitazama chini bila kifuniko. Hulitengeneza kwa nyuzi wanazokwangua kwenye mbao kuukuu na kuzitafuna mpaka ziwe karatasi. Mara nyingi humo kuna nyigu wachache hadi makumi machache. Mwiba wao hauna vimeno vya kunasa, hivyo mmoja anaweza kuchoma zaidi ya mara moja, na maumivu yake si ya mzaha. Hata hivyo hulinda sega lenyewe tu. Ukipita umbali wa mita moja bila kulitikisa, kwa kawaida hawakugusi. Ukisogea mno, huanza kwa kukugeukia na kuinua mabawa. Hilo ni onyo, na aliyelielewa hurudi nyuma bila kuchomwa.

Wale wa udongo ni habari nyingine kabisa. Nyigu mweusi mwenye miguu ya manjano na kiuno chembamba kama uzi, Sceliphron, ndiye mwenye yale mabonge ya udongo mkavu tunayoyaona pembeni mwa dari na nyuma ya picha ukutani. Fuatilia kazi yake asubuhi moja. Jike hushuka kwenye tope la bombani, huchota donge dogo kwa mdomo na kurudi nalo ukutani, akilitandaza huku akitoa mlio mwembamba mkali. Mlio huo huwatisha watu, na kumbe ni wa fundi anayesindilia ukuta wake. Chumba kikikamilika huenda kuwinda buibui. Huwachoma wakapooza bila kufa, huwajaza humo mmoja baada ya mwingine hadi nafasi iishe, hutaga yai moja juu ya buibui mmojawapo na kuziba mlango. Buu akitoka kwenye yai hukuta chakula kibichi kisichooza na kisichoweza kukimbia. Mama hakai kulinda. Bonge analobandua mtu kwa woga, akijilinda uso kwa kitenge, mara nyingi lina mabuu na buibui waliopooza tu, na likiwa na matundu ujue wenyewe wameshaondoka.

Anayeonewa kuliko wote ni yule nyuki mkubwa mweusi, mara nyingine mwenye mkanda wa manjano au mweupe mgongoni, anayetoboa mbao. Jina lake la kitaalamu ni Xylocopa, na aina kubwa hufikia sentimita tatu. Alama ya nyumba yake ni tundu la mviringo safi kabisa, upana wake unakaribia ncha ya kidole, kwenye boriti, nguzo au mwanzi mkavu, na chini yake pana unga wa mbao. Anayemwendea mtu usoni, akasimama hewani na kunguruma, kwa kawaida ni dume anayelinda eneo lake, naye hana mwiba. Jike anao, lakini hautumii mpaka ashikwe au akandamizwe. Na faida yake inaonekana sokoni: ua la marakuja ni kubwa, na ni nyuki wa umbo kama lake wanaoweza kugusa chavua na kuifikisha panapotakiwa wakati wanafuata utamu. Hutetemesha pia maua ya nyanya na bilinganya mpaka chavua imwagike. Anatoboa mbao, hilo ni kweli. Lakini mbao iliyopakwa rangi haimvutii, na mkebe wa rangi unaokoa boriti ambayo moto ungeiunguza. Kuna pia nyuki wadogo weusi wasiochoma kabisa, wenye mlango wa kijimrija cha nta na utomvu kinachochomoza ukutani. Hawa hawana kosa zaidi ya kuzungukazunguka machoni wakitafuta jasho na machozi.

Na mavu, je? Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamfahamu kutoka kitabu cha Kutoka, na simu zetu zinatuletea picha za mavu wakubwa wa Asia. Mavu halisi ni ukoo wa Vespa, wenye aina kama 22, karibu zote za Asia. Mmoja wao, mwekundu wa kahawia mwenye mkanda wa manjano tumboni, anaishi Afrika ya kaskazini na Uarabuni; ndugu zetu waliohamia Oman wanamjua vizuri. Mwingine kutoka Asia aligunduliwa Ufaransa mwaka 2004 na amewatesa wafugaji wa nyuki wa Ulaya. Yule mkubwa kupita wote aligunduliwa katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 2019, na mwishoni mwa 2024 serikali ikatangaza kuwa ametokomezwa. Lakini mavu si mwenyeji wa Kongo. Anayeitwa hivyo Kalemie huwa ni mmoja kati ya watatu: nyuki mtoboa mbao, nyigu mkubwa wa udongo aitwaye Synagris, ambaye baadhi ya aina zake ni nyeusi zenye ncha ya tumbo ya rangi ya chungwa, au nyigu mwinda buibui mwenye mabawa ya chungwa anayekimbia chini kwenye nyasi. Huyu wa mwisho ana mwiba mkali sana, lakini anaishi peke yake na shabaha yake ni buibui. Kumwacha apite ndiyo kinga.

Mzazi mwenye watoto watano uwanjani atasema kwamba haya ni mambo ya darasani. Yeye hana muda wa kuchunguza, na ni salama zaidi kuwaua wote. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kuua kungekuwa bila gharama. Ila moto chini ya paa una gharama zake. Bati haliungui, lakini kenchi, dari na magunia yaliyohifadhiwa juu huungua, na mtu aliye kwenye ngazi gizani, akiwa na petroli mkononi na nyuki usoni, yuko katika hatari kubwa kuliko ile aliyotaka kuiondoa. Tena nyuki waliochomwa huacha masega. Asali huyeyuka na kuchuruzika, siafu hufika, na msimu unaofuata harufu ya nta ya zamani hulivuta kundi jipya kwenye tundu lilelile. Kwa upande wa nyigu wa udongo, kuwaua hakumwongezei mtoto usalama wowote, kwa kuwa hawakuwa wakimtafuta. Kuhusu muda, kutazama kama kiota ni udongo, karatasi au tundu lenye msongamano hakuchukui hata dakika moja.

Wengine watasema nyuki tunamwelewa, anatupa asali, lakini nyigu ana faida gani? Jibu liko kwenye sahani ya kila nyumba ya Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu mweupe wa unga kutoka Amerika ya Kusini, alionekana katika eneo la Kinshasa na Brazzaville, kisha akasambaa katika nchi za muhogo akidumaza vichipukizi na kupunguza mizizi na sombe pamoja. Mwaka 1981 watafiti walimkuta kidung'ata huyo kwao Paraguay, pamoja na adui yake: nyigu mdogo, hazidi milimita mbili, anayetaga ndani ya mwili wa kidung'ata. Taasisi ya kilimo ya IITA, yenye makao Ibadan, Nigeria, ilimzalisha na kumwachia katika nchi nyingi za Afrika chini ya uongozi wa Mswisi Hans Herren, ambaye mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Nyigu huyo siye yule wa upenuni, ni kweli. Lakini yule wa upenuni naye hulisha watoto wake viwavi anaowatafuna, na tangu viwavijeshi kutoka Amerika walipoingia Afrika mwaka 2016 na kuvamia mahindi, mlaji yeyote wa viwavi karibu na shamba ni msaidizi asiyedai mshahara.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mzio. Kuna watu ambao mwiba mmoja tu, wa nyuki au wa nyigu, unawavimbisha midomo na koo, unawaziba pumzi na kuwaangusha ndani ya dakika chache. Kwa hao hesabu ya miiba 19 kwa kilo haina maana, na anayeonyesha dalili hizo anatakiwa hospitalini mara moja, kwa sababu dawa yake ni sindano ya adrenalini. Nakubali pia kwamba nyumba yenye mtu wa namna hiyo haina sababu ya kuvumilia sega la nyigu juu ya mlango, wala shule juu ya dirisha la darasa. Na katika misitu ya Afrika ya Kati wapo nyigu wenye viota vikubwa mitini wanaoshambulia kwa wingi. Hao waachwe walipo. Lakini yote haya yanatudai tutambue zaidi. Sega la mlangoni huondolewa alfajiri, nyigu wakiwa bado wazito kwa baridi, kwa maji mengi ya sabuni ambayo huwaziba njia za hewa. Petroli haihitajiki.

Kwa nyuki wa asali, kanuni ni nyingine. Kundi lililotua kwenye tawi, limeshikana bila sega, liko safarini. Limeshiba asali na halina watoto wa kulinda, na mara nyingi huondoka baada ya siku moja au mbili likiachwa. Lililokwisha kuingia darini si kazi ya mwenye nyumba. Ni kazi ya mrina asali mwenye moshi na mavazi, afanye jioni, atoe masega yote, ndipo tundu lizibwe. Tundu lisizibwe nyuki wakiwa ndani, maana watatafuta njia ya kutokea sebuleni. Wakikushambulia, funika uso, kimbia moja kwa moja bila kupunga mikono, ingia ndani na ufunge mlango. Anayeishi kando ya Tanganyika atashawishika kujitupa ziwani. Asifanye hivyo, kwa sababu nyuki huzunguka juu ya maji wakimngoja ainue kichwa apumue. Miiba itolewe haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba kuikwangua au kuivuta kwa kucha hakuna tofauti ya maana. Kinachoongeza sumu ni kuchelewa.

Kwa hiyo mwenye parseli, kabla hujaomba kiberiti, tazama kiota. Kikiwa cha udongo, kiache au ukibandue kwa mwiko. Kikiwa tundu la mviringo kwenye mbao, paka rangi. Kikiwa sega la karatasi, pima kilipo: juu ya mlango kitoe alfajiri, nyuma ya bustani kiache, nyigu wale viwavi. Kikiwa tundu lenye msongamano na mvumo, waondoe watoto, wafungie mbwa na mbuzi mbali, na umwite mrina asali leo, hata kama nyuki hao wameishi humo mwaka mzima bila kumchoma mtu.